Wino wa printa umemwagika kwenye zulia la sebuleni, naombeni msaada

UmmuNassir_Fuoni

Asalaam alaykum jamani. Hapa nyumbani tuna kisteshenari kidogo chumba cha mbele, tunatoa kopi na kuprinti kadi za harusi, sasa jana magharibi mtoto kapita mbio kaipiga kumbo meza na chupa ya wino wa buluu ilokuwa haijakazwa kifuniko ikaanguka ikaviringika mpaka sebuleni, juu ya zulia. Wino wenyewe si wa unga, ni huu wa maji wa printa za tangi, unaoumimina mwenyewe. Doa kubwa limekaa katikati, kisha matone matone mpaka mlangoni.

Tumewahi kulikandamiza taulo likafyonza kiasi, lkn lilobaki ni buluu kabisa. Zulia ni la rangi ya maziwa lina maua mekundu, kakangu aliniletea kutoka Maskati, ndilo tunalopokelea wageni na ndilo tunaloswalia. Na kwa kuwa nshakuja kuuliza basi niseme na jengine, pembeni lina alama za peni za siku nyingi, watoto wakifanya kazi zao za skuli hapo chini, zile zimeshakauka.

Kila mtu hapa mtaani ana dawa yake, mmoja ananambia spiriti, mwengine jiki, mwengine maziwa, mwengine dawa ya meno. Sijatia kitu chochote mpaka saa hizi naogopa kuliharibu. Na masika hii hata kanga haikauki seuze zulia. Nianze na nini?

Yakhe_wa_Wete

Waalaykum salaam dada. Spiriti tu, hio nyeupe ya kusafishia vidonda, duka lolote la dawa unapata. Mie kazini peni zinanivujia mfukoni kila siku, natia pamba na spiriti nabonyeza tu wino wote unahamia kwenye pamba, kisha nafua kama kawaida. Usihangaike na mengine.

FundiMazulia_Mlandege

Dada UmmuNassir subiri kwanza, usitie spiriti kwenye hilo doa la buluu. Kaka wa Wete yuko sawa kwa peni lkn huu sio wino wa peni.

Mie kazi yangu ni kuosha mazulia na makochi na jambo la mwanzo ninalomuuliza mteja ni wino gani, sio doa kubwa kiasi gani. Wino wa peni ya kawaida ni mzito una mafuta mafuta, maji hayaugusi, ndo maana unataka spiriti. Wino wa hizi printa za tangi rangi zake zimeyeyushwa kwenye maji, kwa hivo kinachoutoa ni maji na sabuni kidogo. Ukimimina spiriti kwenye doa bichi kama hilo unaupa wino njia, utatanuka na kushuka chini mpaka kwenye mgongo wa zulia, na mazulia mengi mgongo wake umegandishwa kwa gundi ya mpira ambayo spiriti nyingi inailegeza, baadae zulia linaanza kuachia nyuzi.

Fanya hivi. Tafuta vitambaa vyeupe vya pamba, vingi, shuka kuukuu likatwe vipande. Viwe vyeupe tupu, kitambaa cha rangi kinaweza kuchuja kikakuongezea doa. Chukua kikombe cha maji ya baridi utie sabuni ya vyombo robo kijiko cha chai, isizidi, najua mkono utakuvuta kuongeza lkn usiongeze, sabuni ikibaki ndani ya zulia inanata na itavuta uchafu kila siku mpaka pale pageuke peusi na utadhani wino umerudi. Kabla ya yote jaribu kipembe ambacho hakionekani, khasa kwenye maua mekundu, uone kama rangi ya zulia lenyewe inatoka.

Ikiwa haitoki, panua kitambaa chini ya zulia na juu loweka kingine kwa hayo maji, ukikamue, ubonyeze. Unaanzia ukingoni mwa doa unakuja katikati, ukianza katikati unalipanua. Usisugue! Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wote wakiona doa mkono unakwenda kwenye brashi, na brashi inafanya mambo mawili, inauingiza wino ndani ya uzi na inaufumua uzi wenyewe, hata wino ukitoka patabaki pana manyoya manyoya na pataonekana pachakavu. Bonyeza, inua, geuza upande safi, bonyeza tena. Kitambaa kikishajaa buluu badilisha. Ni kazi ya subira, weka mtu mwengine akusuuzie vitambaa.

Ukiona kitambaa hakipati rangi tena, suuza kwa maji matupu vilevile kwa kubonyeza, kisha kausha kwa taulo.

Na jiki usiithubutu. Ukiona limekuwa jeupe ujue umetoa rangi ya zulia, na kama zulia ni la sufu jiki inaila sufu yenyewe.

BiMkubwa_Malindi

Wanangu sisi enzi zetu tukitowa wino kwa ndimu na chumvi, unakamulia ndimu unaanika juani, sare za skuli zikitoka safi na hapakuwa na spiriti wala nini. Mwanangu jaribu ndimu kwanza haina madhara.

Jengine, mmesema zulia linaswaliwa. Hio spiriti ni kileo, mie moyo wangu hautulii kutia kileo mahala pa kusujudu. Naomba mliangalie na hilo.

Maalim_Kemia

Bi mkubwa shikamoo. Hilo la ndimu ni kweli kabisa na lina sababu yake. Wino mwingi wa zamani wa kuchovya ulikuwa unatengenezwa kwa chumvi za chuma na tanini, na asidi ya ndimu inalishika lile chuma na kulitoa, ndo maana hata leo ndimu na chumvi ni dawa nzuri ya doa la kutu. Wino wa sasa wa printa hauna chuma hicho, ni rangi za kiwandani, kwa hivo ndimu haina cha kushika.

Na kwenye zulia la sufu au la nailoni ndimu na siki zinaweza hata kudhuru. Viwanda vinapotia rangi sufu na nailoni vinatumia asidi, mara nyingi hii hii asidi ya siki, pamoja na joto, ili rangi iungane na uzi isitoke tena. Rangi nyingi za wino wa printa ni za jamii hio hio. Ukitia ndimu kisha ukaanika juani, au ukatia siki na maji ya moto, unausaidia wino ushikamane. Kwa hivo maji yawe ya baridi na siki iachwe mpaka buluu yote itoke.

Dada UmmuNassir bora ujue zulia lako ni la uzi gani, hilo litakwambia una kazi kubwa au ndogo. Kata uzi mmoja nyuma au kwenye ncha, uushike kwa kibano juu ya sahani, uwashe kiberiti. Ukinuka kama nywele zinazoungua na ukabaki jivu linalopondeka, ni sufu. Ukinuka karatasi, pamba. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu ni uzi wa kiwandani, hapo chukua uzi mwengine uutie kwenye gilasi ya maji, uufinye vizuri utoe mapovu ya hewa. Ukielea ni polipropilini, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Nailoni na poliesta zinazama.

Ikiwa ni polipropilini shukuru Mungu. Uzi huo haunywi maji wala rangi, kiwandani rangi yake inachanganywa wakati plastiki bado imeyeyuka kabla haijavutwa kuwa uzi, kwa hivo wino umekaa baina ya nyuzi tu, haujaingia ndani. Nailoni na sufu zinakunywa wino, hapo kila saa inayopita ni hasara.

Na nikazie jambo moja la hatari. Watu wakiona doa gumu wanachanganya kila walichonacho. Jiki na siki au ndimu zikikutana zinatoa gesi ya klorini, jiki na amonia zinatoa gesi nyengine mbaya vilevile, na jiki na spiriti pia usichanganye. Sebule zetu madirisha yanafungwa kwa mvua, watoto wako ndani. Tumia kitu kimoja, suuza, ndo ufikirie chengine.

FundiMazulia_Mlandege

Maalim ahsante, hilo la siki nlikuwa najua tu kwamba halifai mwanzoni, sababu yake ndo nimeipata leo.

Bi mkubwa kuhusu spiriti, doa la printa halina haja nayo kabisa. Kwa zile alama za peni, kama moyo hautulii, kuna gliserini, inauzwa duka la dawa, watu wanajipaka kwenye ngozi. Unatia matone juu ya alama ya peni unaacha kama nusu saa, inaulainisha ule wino mkavu, kisha unabonyeza kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Inachukua muda zaidi ya spiriti lkn inafanya kazi.

Ustadh_Mkunazini

Nichangie kwa ufupi hapo kwa bi mkubwa. Wanazuoni wametofautiana kuhusu spiriti za dawa na manukato, wengi wa zama hizi hawaihesabu spiriti ya kiwandani isokuwa ya kunywa kuwa ni najisi, na wapo walochukua tahadhari. Anaetaka kutoka kwenye khitilafu akishamaliza kuitumia apitishe maji safi juu ya pahala pale, na kwa kuwa zulia lazima lisuuzwe kwa vyovyote basi hakuna uzito. Kama bado ana shaka amuulize sheikh wa mtaani kwake.

UmmuNassir_Fuoni

Jamani Mungu awalipe. Nimefanya hio ya kiberiti, uzi umeyeyuka ukawa kishanga, wa pili umeelea juu ya maji! Kwa hivo maalim ni hio polipropilini. Tukakaa na binti yangu tukabonyeza mpaka usiku, buluu ikawa inatoka tu inatoka tu, vitambaa vimekuwa anga, tulipolala pale palikuwa cheupe kabisa nikasema alhamdulillah.

Asubuhi naamka doa lipo. Si kama mwanzo, hafifu, lkn lipo na limetengeneza ukingo kama ramani. Nimevunjika moyo. Ndo kusema limeshashika?

FundiMazulia_Mlandege

Halijashika dada, usivunjike moyo hata kidogo, hilo ndo linalowatoa watu machozi na karibu kila zulia lilomwagikiwa kitu kingi linafanya hivo. Wino ulioshuka chini kwenye mgongo wa zulia ulibaki kule, juu ukaona peupe. Zulia lilipokuwa linakauka usiku maji yanatokea kwa juu, na yanapopanda yanavuta wino nao kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta, yakifika kwenye ncha za nyuzi maji yanaruka hewani, wino unabaki. Ule ukingo ndo pahala maji yalipoishia.

Sasa tuitumie njia hio hio kwa faida yako. Lowesha tena pale kwa maji matupu, bila ya sabuni, kiasi cha kufika chini lkn yasitote zulia zima. Kisha weka juu yake vitambaa vyeupe vikavu vilokunjwa, kimoja juu ya chengine, viwe vinene, juu yake mfuko wa plastiki, na juu ya mfuko kitu kizito, dumu la maji au vitabu. Acha mpaka asubuhi usiguse. Maji yatapanda na wino lkn badala ya kuishia kwenye nyuzi yataishia kwenye kitambaa. Ukiinua utaona buluu kwenye kitambaa cha chini. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi.

Mfuko wa plastiki usiusahau maana kitabu chenye jalada la rangi kikipata unyevu kitakuletea wino mwengine.

Bint_Chake

Mimi nimesoma yote na nina suali jengine kama hamtojali. Kwetu kulikuwa na harusi na piko imedondoka kwenye kapeti, ile nyeusi ya kuchorea. Nimejaribu hio sabuni na vitambaa haitoki hata chembe, je niifanyie kama wino?

Maalim_Kemia

Dada pole, piko sio jamii ya wino. Ile ni rangi ya nywele, inaanza haina weusi kisha inapokutana na hewa na ile dawa yake ndo inajijenga kuwa nyeusi, na inajijengea ndani ya uzi. Ikishakomaa sabuni haiitoi wala spiriti. Ikiwa kapeti ni la zile nyuzi zinazoelea, huenda imekaa juu tu, jaribu kuikwangua kwa kijiko ikiwa imeganda kisha sabuni. Ikiwa ni nailoni au sufu, kinachobaki ni kukata ncha za nyuzi kwa mkasi mdogo au kumpa fundi atie kiraka kutoka pembeni. Siku nyengine tandikeni nguo kuukuu au plastiki kubwa chini ya wachoraji na wachorwaji. Na hapo hapo niombe jambo, piko watoto wasipakwe, ile dawa ndani yake inaunguza ngozi za wengine vibaya sana na mtu akishapata mzio nayo hauondoki.

Kijana_Maprinta

Nami naongeza kwa wenye steshenari maana dada kasema wake ni wa maji lkn wengi wana na fotokopi za unga. Ule unga mweusi wa tona ni plastiki iliyosagwa, ndani ya mashine inayeyushwa kwa joto ndo ikaganda kwenye karatasi. Ukimwagika kwenye zulia usitie maji ya moto, usipige pasi, usisugue kwa mkono, joto linaugandisha. Chukua karatasi ngumu uuzoe, kisha kunguta zulia nje. Vakyumu za kawaida za nyumbani muwe nazo makini, ule unga ni laini mno unapita kwenye chujio unatoka nyuma mkaja kuuvuta puani. Unaobaki utolewe kwa kitambaa na maji ya baridi kabisa.

Na kwenye wino wa maji angalieni chupa. Baadhi ya printa za tangi rangi tatu ni za kuyeyuka lkn mweusi wake ni pigmenti, yaani chembe ndogo ndogo zinazoelea ndani ya maji. Huo ukikauka ni mgumu zaidi kuliko buluu, unatakiwa uwahiwe ungali mbichi, hakuna kusubiri kesho. Dada bahati yako ilikuwa buluu.

Yakhe_wa_Wete

Sasa mbona sanitaiza sijaiona kutajwa? Nayo si ina spiriti ndani, na tokea wakati wa korona kila nyumba imo.

FundiMazulia_Mlandege

Kaka kwa alama ndogo ya peni inasaidia, ikiwa ile yenye asilimia 60 na kuendelea. Tatizo lake ule ute ute unabaki kwenye nyuzi na unanata, lazima uisuuze sana. Spiriti nyeupe tupu ni bora kwa sababu inaruka yenyewe. Ila spiriti yoyote yenye rangi usiitie kwenye zulia. Na dawa ya kutolea rangi ya kucha watu wanaipenda lkn kuna nyuzi inaziyeyusha na ile gundi ya mgongo haiivumilii, mie siitumii nyumbani kwa mtu.

Maziwa yaacheni yanywewe. Yakiingia kwenye zulia yanachacha, mtapata harufu na sisimizi na wino uko pale pale.

UmmuNassir_Fuoni

Narudi na khabari. Fundi, vile vitambaa na dumu vimefanya kazi, asubuhi kitambaa cha chini kilikuwa na buluu imejichora umbo la doa lenyewe, nikarudia, la pili yake lilikuwa hafifu kabisa, sasa kinatoka safi. Kwenye ile sehemu ya rangi ya maziwa kumebaki kivuli kidogo mno, lazima uinamie ndo ukione. Kwenye maua hakuna kitu.

Hizi mvua sasa ndo zinanitia wasiwasi, nimeliinua zulia chini bado lina ubaridi na lina kaharufu. Na hicho kivuli kina dawa?

Maalim_Kemia

Hicho kivuli kina dawa, haidrojeni peroksaidi ya kuoshea vidonda, ya asilimia 3. Ukipata ya 6 changanya na maji kiasi sawa. Tia matone kwa pamba kwenye sehemu ya maziwa tu, usiifikishe kwenye maua mekundu, na ujaribu kwanza pembeni. Iache ikauke yenyewe, inaondoa rangi na mwisho wake inakuwa maji na hewa ya oksijeni. Kama hakionekani mpaka uiname mie ningekiacha lkn uamuzi wako.

FundiMazulia_Mlandege

Mimi nasema kauka kwanza, kivuli baadae. Zulia lenye unyevu likilala kwenye saruji siku mbili masika hii linaota ukungu na ile harufu haitoki tena. Lisilale chini. Lining'inize juu ya viti viwili au bao, mgongo ukae juu kwanza kwa sababu ndo ulobeba maji, washa feni iende chini yake na ufungue dirisha la upande usopigwa na mvua. Jua likitoka litoe nje mahala penye upepo. Lipapase chini kwa kiganja, ukihisi baridi bado lina maji hata kama juu limekauka. Usilitandike mpaka ubaridi umalizike wote.

Ukishalitandika ndo uanze zile alama za peni, kwa spiriti au gliserini, kidogo kidogo kwa ncha ya pamba, sio kumimina. Kila ukiona pamba inapata buluu endelea. Ukifika pahala pamba inatoka nyeupe na alama bado ipo basi simama hapo hapo, kilobaki ukikilazimisha utakula nyuzi, nipigie picha uiweke hapa nione ni peni ya jeli au ya kawaida.